Kabla hujasimama na shauri la talaka Mtwara au Lindi

Wakili kijana akinijia na faili la talaka na kuniuliza aanzie wapi, simtumi kwenye vitabu. Namwomba anionyeshe Fomu Namba 3, yaani hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kama hana, hakuna shauri. Kama anayo, tunaisoma pamoja neno kwa neno, kama watu wanaohesabu fedha za mtu mwingine.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kufungua maombi ya talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa hiyo uliza: hati imetolewa lini? Ikiwa imepitisha miezi 6 siku unayosajili maombi, haikusaidii tena. Imetolewa na nani? Baraza linalohusika ni la kata anakoishi mume, au la jumuiya ya wanandoa wote wawili, kama lile la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Barua ya mwenyekiti wa kijiji si hati ya baraza, hata iwe na mihuri mitatu. Walikaa wangapi? Sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Kisha soma maneno yenyewe. Hati inayosema tu "waende mahakamani kwa hatua zaidi", bila kutamka kwamba usuluhishi umeshindikana, itakuletea pingamizi asubuhi ya kwanza.

Wateja wetu wengi ni Waislamu, na wengi hufika wakiwa na karatasi ya talaka mkononi wakiamini kazi imeisha. Haijaisha. Kifungu cha 107(3) kina mpangilio wake: baraza kwanza lithibitishe kushindwa, ndipo tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu lifuate. Mahakama ya Rufani ilipoketi hapahapa Mtwara, katika rufaa namba 246 ya mwaka 2019, ilifuta mwenendo wa shauri kwa sababu hapakuwa na hati halali ya baraza. Fikiria mwanamke aliyehangaika na nauli miaka yote hiyo, mwisho anaambiwa aanze upya. Kosa la namna hiyo ni letu mawakili, si lake. Ipo misamaha ya hati hiyo, kwa mfano mwenzi mmoja ametoroka na hajulikani alipo, au ameitwa na baraza akakaidi makusudi, lakini msamaha nao huandikwa kwenye maombi na kuthibitishwa kwa ushahidi.

Sasa mali. Ugomvi mkubwa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea au Ruangwa ni mikorosho. Niliwahi kuandika kwenye maombi "shamba la mikorosho ekari 6" nikaona nimemaliza. Siku ya kusikilizwa, kwenye dodoso, yaani maswali ya upande pinzani kwa shahidi, wakili mwenzangu wa upande wa pili akamwuliza mteja wangu mipaka ya shamba na miti iliyokuwepo kabla ya ndoa. Mama yule akajibu vizuri kabisa, mti kwa mti: mashamba yalikuwa mawili, na moja lilikuwa la ukoo wake. Majibu yake ya kweli yakawa kinyume na maandishi yangu, na pande zote hufungwa na walichoandika. Nilikuwa sijamwuliza. Kukaa naye nusu saa zaidi ofisini kungetosha.

Tangu siku ile naenda shambani mwenyewe. Ardhi naiuliza peke yake, na miti peke yake. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili huhesabiwa kwa mama, na mume mara nyingi alihamia kwa mkewe. Hivyo unaweza kukuta ardhi ni ya wajomba wa mke, mikorosho ya zamani ilipandwa na bibi yake, na mikorosho mipya imepandwa na mume kwa jasho lake mwenyewe. Ukiita vyote "shamba letu" umemnyima hakimu njia ya kukusaidia. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame desturi ya jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Kifungu kidogo cha (3) kinaongeza kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia kwenye mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa nguvu za wote wawili. Kwa hiyo jua kila mti ulikuwa na hali gani siku ya ndoa, na una hali gani leo.

Stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na taarifa za benki zitakuonyesha kilo na malipo ya kila msimu, ila mara nyingi zina jina la mume peke yake. Jasho la mke halina stakabadhi. Lithibitishe kwa mashahidi: jirani wa shamba, kibarua aliyepalilia naye, mtu aliyemwona akiokota na kukausha korosho au akichota maji ya kupulizia dawa. Usitegemee kutaja tu shauri la Bi Hawa la mwaka 1983, ambamo Jaji Mkuu Nyalali alitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kanuni ile ni nguzo yetu, lakini Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, kwa sababu ya ushahidi kuhusu fedha alizopewa na mumewe na namna alivyozitumia. Na kama una hofu kwamba nyumba ya ndoa itauzwa kabla ya hukumu, weka zuio mapema, usingoje.

Ulimi nao unahitaji maandalizi. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama kisheria ni Kiswahili, na sisi tuliosomea sheria kwa Kiingereza hukwama katikati ya sentensi mbele ya shahidi anayekitema vizuri kuliko sisi. Fanya mazoezi ya maswali yako kwa sauti. Kama shahidi ni mzee anayejieleza vizuri kwa Kimakonde tu, omba mkalimani mapema. Kaa na mteja mkubaliane atayasemaje yale ya aibu. Mwanamke aliyepita unyago hawezi kutaja mambo ya chumbani mbele ya mjomba wake. Atasema "hanijali", na mahakama itasikia shauri la matunzo. Neno unyumba lina heshima na linaeleweka, mzoeze kulitumia. Kwenye dodoso usimdhalilishe shahidi wa upande wa pili. Uliza maswali mafupi yenye jibu moja, kisha kaa chini.

Nimeyaacha ya watoto mwisho, ila kwenye maandalizi yaanze. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na kipimo ni ustawi wa mtoto. Jua nani humwamsha kwenda shule, nani alimpeleka zahanati mara ya mwisho, msimu wa korosho analala kwa nani. Mzazi asiyejua jina la mwalimu wa mwanawe asilijifunze siku moja kabla ya kupanda kizimbani; mwambie aseme ukweli. Na mtoto asiletwe kukaa kwenye benchi la nje kusikiliza wazazi wake wakihojiwa. Hakimu akihitaji kumsikiliza, atamwita.