SOMO: "Moshi" mweupe kwenye AC ya gari, upime mwenyewe kabla hujampa fundi hela

Wakuu salaam. Kila masika ikianza swali ni lile lile: "Nimewasha AC, moshi mweupe umetoka kwenye dashibodi, gari inaungua?" Nimelijibu kwenye nyuzi za watu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa lote, anayeuliza tena aelekezwe huku.

Mara nyingi ule si moshi. Ni ukungu wa maji, na maana yake AC yako inapoza vizuri. Kinachoniuma ni watu kutolewa hela ya kujaza gesi ambayo haijapungua hata kidogo, tena gesi ikizidi kipimo presha inapanda na kompresa, ile pampu ya gesi, ndiyo inayoumia.

Inavyotokea: hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba mpaka gramu 30 hivi za mvuke. Ipoze mpaka nyuzi 5, uwezo wake unabaki kama gramu 7. Sasa gari limeshinda Kariakoo, mvua imenyesha, jua limewaka, kapeti lina unyevu na abiria wameingia na nguo mbichi. Unawasha AC mpaka mwisho. Upepo wa baridi kali unakutana na hewa hiyo nzito pale pale kwenye tundu la dashibodi, mvuke unageuka matone madogo sana, nawe unaona cheupe kinatoka. Dakika chache baadaye AC imeshakausha hewa ya ndani na ukungu unakata wenyewe. Yale maji yanayodondoka chini ya gari, upande wa abiria kwa magari mengi, ndiyo yaliyokuwa hewani.

HATUA

1. Nusa. Ukungu wa maji hauna harufu ya kuungua wala harufu tamu.

2. Weka kiganja kwenye tundu. Ukungu ni wa baridi, na unapotea shubiri moja au mbili kutoka unapotokea. Moshi haupotei hivyo, unapanda na kukaa darini.

3. Zima kitufe cha A/C, feni iache iendelee. Ukungu utakata muda si mrefu. Usipokata, ruka mpaka hatua ya 6.

4. Shusha vioo vyote dakika moja au mbili hewa ya moto itoke, kisha funga na uweke hewa izunguke ndani.

5. KIOO CHA MBELE. Hapa soma polepole, maana ndipo wengi wanapoharibu. Ukungu wa kwenye tundu hauna madhara, ila wa kwenye kioo unaweza kukuua. Na uko wa aina mbili, dawa zake zinapingana. Alfajiri ya masika ukielekeza upepo wa baridi kwenye kioo, kioo kinakuwa baridi kuliko hewa ya nje na maji yanashika upande wa NJE. Dereva anafuta kwa ndani, hakuna kinachobadilika, anaongeza baridi akidhani anasaidia, kioo kinazidi kuwa cheupe, na yuko Morogoro Road na lori mbele yake. Kwa hiyo kwanza pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha mstari ulio wazi, ukungu uko ndani: washa AC, elekeza upepo kwenye kioo, joto liwe la wastani, na hewa iingie kutoka nje, isizunguke ndani. Kidole kisipoacha alama, ukungu uko nje: piga waipa, ondoa upepo kwenye kioo, punguza baridi.
ONYO: Usianze kufutafuta na kubonyeza vitufe gari likiwa kwenye mwendo. Punguza mwendo, toka barabarani, washa hazadi, ndipo ushughulike.
ONYO LA PILI: Ile ya "weka baridi mpaka mwisho kwenye kioo, inasafisha" isahau ukiwa ukanda wa pwani.

6. Dalili za hatari. Harufu tamu, kioo kinanata kwa ndani, kapeti la abiria limelowa na kulanti (maji ya kupoza injini) inapungua: rejeta ndogo ya hita inavuja, peleka gari kwa fundi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Harufu ya waya au plastiki kuungua, moshi unachoma macho: simama, zima injini, shusha watu wote, watoto kwanza, sogeeni mbali. Moshi ukiwa unatoka kwenye boneti usiifungue, hewa inachochea moto.

Maswali karibuni, ila somo lisomwe kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mbagala: Mkuu gari yangu inatoa moshi kwenye AC nifanyeje?

Mleta somo: Hatua ya 1 mpaka ya 3. Ukimaliza rudi na majibu.

Kijana wa Mbagala: Sina muda wa kusoma yote hayo, nambie tu ni hatari au siyo.

Mleta somo: Siwezi kukuambia bila kujua harufu yake. Kunusa hakuchukui hata dakika.

Fundi Mzoefu: Acha kupotosha watu. Ule mweupe ni gesi inavuja, na ni sumu. Mimi nipo gereji mwaka wa kumi na mbili.

Mleta somo: Ndugu yangu, kwa heshima. R-134a, gesi iliyo kwenye magari mengi tunayoendesha, haina rangi. Ikivuja polepole huioni kwa macho, ndiyo maana mafundi hutia rangi inayong'aa kwenye mfumo ili watafute pa kuvujia. Ikitoka kwa kishindo unaweza kuona ukungu wa mafuta ya kompresa, lakini baada ya hapo AC haipozi tena. Mtu anayesema AC yake inagandisha vidole halafu tumwambie gesi imeisha, tunamwibia. Pima presha kwanza, ndipo umwambie mteja. Na kama kweli imepungua, ijazwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, si kwa kukadiria.

Mama Zai: Asante mwanangu, nimeelewa. Mimi husafiri Dar kwenda Dodoma. Ukungu naupata Dar mpaka Chalinze, nikivuka Morogoro unapungua, Dodoma siuoni kabisa na gari ni lile lile. Kwa nini?

Mleta somo: Shikamoo mama. Umeangalia vizuri sana, na jibu la somo zima limo humo. Dar mwezi wa nne mvuke huanza kugeuka maji hewa ikishuka mpaka nyuzi 24 hivi, yaani karibu tu na joto la kawaida, haihitaji kusukumwa. Dodoma hewa ni kavu zaidi, wakati wa kiangazi lazima ishuke chini ya nyuzi 15. Upepo wa tundu ukichanganyika na hewa hiyo, mchanganyiko haujazi maji ya kutosha kuonekana. Ukitaka kujiridhisha, Dodoma angalia na chini ya gari ukiegesha huku AC inawaka: maji yanayodondoka ni machache kuliko ya Dar. Tanga na Unguja utaupata kama Dar.

Mama Zai: Marahaba. Kumbe! Basi na ule ninaouona kwenye ndege tukiwa tumekaa uwanjani Zanzibar, unashuka kutoka juu ya viti?

Mleta somo: Ndio huo huo mama. Milango iko wazi, hewa ya bahari imeingia, upepo wa baridi unatoka juu. Milango ikifungwa na hewa ikikauka unaisha. Hauna madhara.

Mswahili wa Muscat: Huku kwetu mwezi wa saba na wa nane mambo hayo ni kila asubuhi. Unatoka nyumbani na AC, kioo chote cheupe kwa nje, hata vya pembeni. Tunapiga waipa na kushusha vioo vya milango kisha kuvipandisha, mpira unakomba maji.

Mleta somo: Shukrani, hiyo ya vioo vya milango nitaiongeza kwenye hatua ya 5. Kwa vioo vya pembeni (saiti mira), vitambaa viwepo garini.

Dereva Tegeta: Yangu haitoi ukungu mwanzo. Ila nikitoka Dar, nikifika Segera upepo umekuwa mdogo japo feni iko namba ya mwisho, na unatoka ukungu kidogo. Nikizima nusu saa inarudi vizuri.

Mleta somo: Hilo ni suala jingine na umelieleza vizuri. Evaporeta, ile koili ya ndani inayopoza, inashika barafu mpaka upepo haupiti. Ukizima inayeyuka. Anza na kilicho rahisi: filta ya kabini, mara nyingi iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Ikiwa imeziba vumbi, badilisha. Ikiwa safi, fundi aangalie sensa ya joto ya evaporeta na kiwango cha gesi, maana hata gesi pungufu inaweza kuleta barafu.

Neema K: Yangu inanuka kama vitambaa vichafu nikiwasha tu. Ukungu upo pia. Nijazwe gesi?

Mleta somo: Hapana, harufu hiyo ni ya kuvu iliyoota kwenye evaporeta inayobaki mbichi. Badilisha filta. Halafu dakika tatu nne kabla ya kufika nyumbani zima kitufe cha A/C, feni iache ipulize, koili ikauke. Isipoisha, fundi aisafishe kwa dawa yake.

Neema K: Na kapeti upande wa abiria limelowa, ila halinati wala halina harufu tamu.

Mleta somo: Chini ya gari maji yanadondoka ukiwa umewasha AC?

Neema K: Sasa hivi nimeangalia, hakuna hata tone.

Mleta somo: Basi mpira wa kutolea maji umeziba, maji yanarudi ndani. Fundi aupulize kwa upepo taratibu kutokea chini, asichomeke waya wenye ncha. Toa na kapeti ulikaushe juani, chini yake kuna nyaya.