Kompyuta ya mezani haionyeshi kitu baada ya kuongeza RAM

Feni inazunguka lakini kioo cheusi? Mshuku RAM kwanza (kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda). Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 chaji iliyobaki iishe, kisha toa RAM zote. Upepo wa bahari hapa Tanga una chumvi, na meno ya RAM iliyotumika (vile vipande vya chuma ukingoni mwake) hushika uchafu. Yasugue taratibu kwa raba ya penseli, upulize vumbi lake.

Rudisha moja tu, ukandamize ncha zote mbili mpaka kibanio kilie “ta”. Ikigoma usiilazimishe: DDR3 na DDR4 ni vizazi tofauti vya RAM, na DDR3 haiingii tundu la DDR4, pengo lake liko mahali tofauti.

Rudisha umeme, uwashe. Bado? Chomoa umeme tena, kisha toa betri ya CR2032 (ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mama, yaani bodi kuu) dakika 5, BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) irudi mipangilio ya kiwandani. Na kama umeweka kadi ya picha (graphics card), waya wa kioo uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Hili husahaulika mno.