Kufufua eneo la wazi la mtaa: anzeni na maji, maua baadaye

Maeneo mengi ya wazi ya Dar es Salaam hupakwa rangi na kupandwa maua kwa shamrashamra, kisha huchakaa kabla mwaka haujaisha. Sababu zinajulikana. Maji ya mvua hayakupewa njia, watu wakazibiwa njia yao ya mkato, pipa la taka likawekwa bila mtu wa kulimwaga, na miche ikaachwa na kiu tangu Juni. Mwongozo huu ni wa kamati ya mtaa yenye kieneo cha robo ekari hivi, fedha za kuchangishana, na nguvu kazi inayojitokeza kwenye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kabla ya kushika sululu

Ongozaneni na mtendaji wa mtaa hadi ofisi ya mipango miji ya manispaa, mkaone mchoro wa eneo. Mkikuta kiwanja kimeandikwa vinginevyo, msitumie hata shilingi mpaka jambo hilo limalizike. Pateni idhini kwa barua, na nakala moja ibaki ofisi ya mtaa, maana viongozi hubadilika. Kipande kilicho ndani ya hifadhi ya barabara kina mwenyewe: TARURA kwa barabara za mitaa, TANROADS kwa barabara kuu. Waulizeni pia DAWASA wa maji na TANESCO wa umeme mabomba na nyaya za ardhini zinapita wapi.

Halafu chukueni karatasi mchore mambo mawili tu: maji yanatuama wapi baada ya mvua kubwa, na watu wanapita wapi kweli. Njia hazihitaji kubuniwa. Zimeshachorwa na miguu, ni ile mistari ya udongo mgumu usioota majani. Ukiipanda maua njia ya mkato, itarudi kuwa njia ndani ya wiki mbili, na maua yatakuwa chini ya viatu.

Mtaro na taka

Mtaro unaopakana na eneo uzibuliwe mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Kosa linaloonekana kila mahali ni kutoa tope na kulirundika ukingoni likauke. Mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Panga kirikuu au guta lije siku hiyohiyo, na kama hamjalipata, ahirisheni kazi. Mifuniko ya zege ya mtaro isizidi sentimita 60 kwa 60 na unene wa sentimita 7.5. Kipande cha namna hiyo kina kilo 65 hivi, watu wawili wanakiinua. Kikubwa zaidi ya hapo hakitainuliwa tena, na mtaro utaziba chini yake bila mtu kujua. Wekeni vishikio vya nondo vinavyolala ndani ya zege, kwa sababu chuma chochote kinachong'oka kirahisi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kona iliyozoeleka kuwa jalala haiponi kwa kibao cha "Usitupe taka hapa". Ondoeni taka zote kwa siku moja pamoja na sentimita 15 za udongo wa juu, kwa kuwa harufu iliyobaki ndiyo inayowaita wengine watupe. Siku hiyohiyo pawekwe kitu chenye matumizi: benchi, kijiwe cha bodaboda, meza ya bao.

Pipa lisiwekwe mpaka ijulikane nani analimwaga, siku gani, na analipwa na nani. Pipa la chuma la lita 200 likikatwa nusu latosha. Likiwa zima na limejaa mabaki ya chakula, mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Toboeni matundu manne au matano ya milimita 10 kwenye kitako. Bila matundu hutunza maji ya mvua, na mbu anayeeneza dengi huzaliana humo. Jiji hili liliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mfuniko ni wa lazima. Kunguru wa Dar wanafungua mfuko wa taka kwa dakika chache na kuusambaza uwanja mzima.

Njia ya pevingi

Tuchukue njia ya mita 30 kwa upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba 45. Matofali ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita ya mraba, hivyo mnahitaji 2,250, na mkiongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika ni kama 2,360. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa waenda kwa miguu. Panapopita bajaji na magari, chukueni ya sentimita 8.

1. Chimbeni sentimita 22, mng'oe mizizi yote.
2. Jazeni kifusi kwa tabaka mbili, mlowanishe kidogo na kushindilia kila tabaka hadi mpate sentimita 12 ngumu. Kwa njia hii ni kama mita za ujazo 7 za kifusi kabla ya kushindiliwa.
3. Jengeni mawe ya ukingo pande zote mbili kwa zege, myaache yakauke.
4. Tandazeni mchanga au vumbi la kokoto sentimita 4, mlisawazishe kwa ubao. Msikanyage tena.
5. Pangeni matofali kwa uzi, mkiacha upande mmoja ushuke sentimita 3 kuliko mwingine ili maji yaelekee mtaroni. Pima maji ya fundi iwekwe kila mita mbili.
6. Mwageni mchanga mkavu laini juu, mfagie uingie kwenye viungo, mshindilie, mfagie tena.

Mafundi wa bei rahisi huruka hatua ya tatu. Bila ukingo matofali ya pembeni husogea nje kidogokidogo, viungo hufunguka, mchanga hukimbia na maji, na baada ya masika moja njia inakuwa na mabonde. Msiongeze saruji kwenye viungo mkidhani mnaimarisha. Tofali likizama baadaye, lenye mchanga linang'olewa na kurudishwa kwa nusu saa. Lenye saruji linavunjwa.

Miti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chagueni kwa kivuli, na kwa kile mti utakachofanya kwa vitu na watu walio karibu nao. Mwarobaini hukua haraka na huvumilia ukame. Mkwaju ni wa polepole ila hudumu vizazi. Mkungu una kivuli kizuri, lakini majani yake mapana huziba mtaro, basi ukae mbali nao. Mkrismasi hupendeza Desemba, ila mizizi yake hukimbilia juu na kunyanyua pevingi. Ashoki huonekana nadhifu kwenye picha na kivuli chake ni kama hakuna. Mwembe katikati ya uwanja wa watoto maana yake ni mawe yanayorushwa juu kila msimu.

Miti mikubwa iachane mita 8 hadi 10, midogo mita 5 au 6. Kaeni mita 2 au zaidi kutoka kwenye bomba, mtaro na ukingo wa njia, na chini ya nyaya za umeme msipande mti unaokua mrefu.

Mche wa eneo la umma uwe na mita 1 hadi 1.5. Ule wa sentimita 30 ni rahisi, lakini haupambani na mbuzi wala mpira wa watoto. Angalieni kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaobeba mche, kabla ya kulipa: mizizi iliyojizungusha chini kama kamba ina maana mche umekaa kitaluni muda mrefu mno.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina sentimita 60. Hilo hubeba debe 11 hivi. Udongo wa juu uwekwe kando, wa chini kando ya pili. Changanyeni debe 3 au 4 za samadi iliyooza kabisa na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Penye mfinyanzi, kwaruzeni kuta za shimo kwa sululu, la sivyo shimo linakuwa chungu na mizizi haitoki. Chaneni kiriba na kukiondoa chote. Kuukuta mti umedumaa baada ya miaka miwili na plastiki bado imeubana ni jambo la kawaida sana. Shingo ya mche, pale shina linapoanza kuwa mizizi, iwe sawa na ardhi. Zungusheni kisahani cha udongo cha nusu mita kutoka shinani, mweke matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina.

Pandeni masika yanapoanza, Machi au mwanzoni mwa Aprili, ili mizizi ipate miezi miwili ya mvua. Kisha hesabuni maji ya kiangazi: miti 12, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ni lita 480 kwa wiki. Kuanzia Juni hadi Septemba ni zaidi ya lita 8,000, na mwaka wa pili tena vilevile. Kama fedha ya maji haimo kwenye bajeti, pandeni miti mitano badala ya kumi na mbili. Ndoo nzima mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kopo kila siku, kwa sababu maji kidogo huifundisha mizizi kubaki juu.

Kinga ya mianzi au mbao yenye urefu wa mita 1.5 hutosha. Kamba ya kuufungia mche kwenye kigingi ilegezwe kila baada ya miezi mitatu. Matawi ya chini yaondolewe taratibu mpaka urefu wa mita 2.5. Tawi nene likatwe kwanza kwa chini, halafu kwa juu mbele kidogo ya hapo, mwisho ndipo kisiki kiondolewe karibu na shina bila kugusa ule uvimbe wa shingo ya tawi. Kukata kilele chote ili "mti upendeze" huzalisha matawi dhaifu yanayoangukia watu. Chokaa kwenye mashina haina faida ya kutajwa, na misumari ya matangazo iwe marufuku.

Waliopo tayari

Mama lishe na wauza chipsi wapangiwe mahali pao tangu kwenye mchoro. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, iliwatengea wauza vyakula eneo lao. Maji ya kuoshea vyombo yana mafuta na sabuni na huua ukoka, kwa hiyo wachimbieni shimo la mita 1 kila upande lililojazwa mawe, na chujio la wavu juu.

Benchi la zege liwe na kimo cha sentimita 45, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mchanga usiwe wa bahari maana chumvi hula nondo, na limwagiliwe maji kwa siku saba. Liwekeni mashariki ya mti, ndipo litakuwa kivulini jua la mchana linapoelekea magharibi.

Ratiba ya matunzo

Kila siku: kufagia na kumwaga mapipa. Kila wiki: maji ya miti mara mbili wakati wa kiangazi. Kila mwezi: kufyeka ukoka ubaki sentimita 5, kurudisha mchanga kwenye viungo vya pevingi, kubadilisha taa zilizoungua. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Ikiandikwa "kamati", haitafanyika. Mlinzi au mfagiaji anayelipwa kidogo lakini kwa wakati ana faida kuliko watu mia wa kujitolea mara moja kwa mwaka. Na yale matofali yaliyobaki msimpe fundi aondoke nayo: hifadhini mia moja ofisini pamoja na gunia la mchanga mkavu, kwa sababu rangi na kipimo cha kiwanda kinaweza kubadilika kabla hamjahitaji la kwanza.