Kozi ya mameneja inayofika hadi ghalani: namna ninavyoiandaa

Meneja wa kinu cha mpunga Igurusi hana shida ya kutajiwa sifa za kiongozi bora. Shida yake ni kuamua, kabla msimu haujapamba moto, kama achukue mkopo anunue mpunga auweke mpaka bei ipande, au aendelee kukoboa wa wateja na kupokea hela ya mashine. Kozi isipogusa uamuzi wa namna hiyo, atakunywa chai, atapiga picha na cheti, na Jumatatu ataendelea alipoishia. Mimi huandaa kozi fupi hapa Mbeya kwa mameneja wa vinu, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na kampuni za malori. Naeleza ninavyofanya, mkufunzi mwenzangu uchukue linalokufaa.

Kazi kubwa iko kabla ya darasa. Kwenye barua ya mwaliko usiulize matarajio. Omba jambo moja ambalo mtu huyo lazima aliamue ndani ya miezi mitatu, pamoja na karatasi inayolihusu: leja ya ghala, mkataba wa mkopo, muhtasari wa kikao cha bodi. Wengi wataandika "mauzo yameshuka", na hayo ni malalamiko tu. Panda gari umfuate kazini, ukae karibu na mzani, uendelee kuuliza mpaka abaki na njia mbili za kuchagua. Hapo pia utagundua kama aliyejiandikisha ndiye anayesaini. Semina ina posho, na mara nyingi hutumwa mtu ambaye ni zamu yake kupata posho. Huyo mrudishe kwa adabu.

Angalia kalenda ya mashamba. Kati ya Juni na Agosti mpunga wa Mbarali na kahawa ya Mbozi vinawashika watu wote. Mimi hupenda Machi.

Darasani, anza na hesabu za mtu aliyekuwepo. Tuseme mkopo ni shilingi milioni 80, riba asilimia 18 kwa mwaka, mpunga unanunuliwa shilingi 800 kwa kilo. Hizo ni kilo 100,000. Ukiuweka miezi sita, riba peke yake ni milioni 7.2. Mpunga ukikauka na kupungua kwa asilimia 3, zinabaki kilo 97,000. Gawanya: kila kilo sasa imekugharimu shilingi 899, na bado hujalipa ghala, magunia, vibarua wala mlinzi. Nikifika hapo huwa nanyamaza, maana mameneja wenyewe huanza kubishana juu ya bei ya Desemba, mpunga utakapouzwa, na ubishi huo una mafunzo kuliko slaidi zangu. Somo la gharama za fedha huja baada ya hapo, wakati kila mtu ana sababu ya kulisikiliza.

Mifano ya kampuni za Marekani siitupi. Harvard walijenga ufundishaji wa visa, yaani darasa kujadili mkasa wa kampuni halisi, tangu miaka ya 1920 na bado una nguvu. Ila andika na kisa chako, kurasa mbili tu, cha lori lililokwama foleni ya mpakani Tunduma huku mteja wa Zambia akidai fidia. Pata idhini ya mwenye kisa na ubadilishe majina.

Henry Mintzberg, mtaalamu wa uongozi kutoka Kanada, katika programu ya mameneja iliyoanza 1996, aliweka kanuni kwamba nusu ya muda wa darasa ni ya mameneja wenyewe na mambo yao. Ishike kanuni hiyo hata mkuu wa chuo akilalamika kwamba mada hazitaisha. Nusu hiyo mimi naiendesha kwa njia ya Reg Revans, Mwingereza aliyeijaribu kwenye migodi ya makaa ya mawe miaka ya 1940: watu watano au sita, mmoja anaeleza jambo lake, wengine wanauliza maswali tu, ushauri marufuku. Kwetu ina ugumu wake. Kijana hatamuuliza mzee mbele za watu kwa nini deni limezidi ukomo uliopitishwa na mkutano mkuu. Basi gawa vikaratasi, kila mtu aandike swali, wewe uyasome bila kutaja nani kaandika. Mzee atajibu swali la kikaratasi ambalo angelikasirikia likitoka mdomoni mwa mtu.

Usimalize kozi kwa mkupuo mmoja. Siku mbili darasani, wiki sita kazini, kisha siku mbili tena. Cheti kitolewe awamu ya pili, la sivyo nusu yao hutawaona.

Kuhusu tathmini, Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika juu ya kupima mafunzo, alitaja ngazi nne mwaka 1959: walivyopokea, walichojifunza, wanachotenda, na matokeo kazini. Fomu zetu za jioni hukomea ya kwanza, na zimejaa sifa za pilau. Baada ya miezi mitatu rudi Igurusi, uombe kuona leja na muhtasari wa bodi. Ukikuta uamuzi haujafanyika, uliza nani aliuzuia. Mara nyingi ni mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuziona zile hesabu za shilingi 899. Kozi inayofuata mwalike kwa asubuhi moja, akae na meneja wake meza moja, na ada usimtoze.