Lenzi za fulu-fremu kwenye kamera ndogo: za kubeba na za kuacha ukienda Lamu

Pima kichochoro kwanza. Njia nyingi za Mji wa Kale wa Lamu ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena ya mawe akija, wewe ndiye wa kujibanza ukutani. Sasa egemeza mgongo ukutani, kamera iwe mita 1.7 kutoka mlango wa nakshi ulio mkabala nawe, uishike wima. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fulu-fremu (yenye kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha) inachukua kimo cha mita 2.55, kwa hiyo mlango wote unaingia pamoja na nakshi za juu ya kizingiti. Lenzi ileile ukiihamishia kwenye kamera ya kropu (yenye kihisi kidogo) inachukua mita 1.66. Mlango umekatwa kichwa, na wewe huna pa kurudi nyuma.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na inafaa uifanye kabla ya kununua chochote: gawanya urefu wa kihisi kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Kihisi cha fulu-fremu ni milimita 36 kwa 24. Cha kropu kwenye Nikon na Sony ni takriban 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo zaidi, takriban 22.3 kwa 14.9. Ndiko inakotoka ile desturi ya kuzidisha kwa 1.5 au, kwa Canon, 1.6.

Lakini lenzi haikurefuka. Milimita 50 ni 50 popote utakapoifunga. Kihisi kidogo kinachukua tu kipande cha katikati cha picha ileile. Hata lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kropu huandikwa milimita zake halisi, kwa hiyo nayo huzidishwa vilevile ukitaka kuilinganisha na ya fulu-fremu. Wengi hukosea hapo: hununua lenzi ya kropu ya 35 wakidhani watapata upana tofauti na wa 35 ya fulu-fremu waliyo nayo tayari.

Je, itaingia na itafanya kazi?

Canon za kioo (DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani) hazina shida. Lenzi yoyote ya EF, yaani ya Canon hizo, inaingia kwenye bodi (mwili wa kamera) ya kropu: linganisha alama nyekundu ya lenzi na nyekundu ya bodi, zungusha mpaka isikike "ta". Mota ya fokasi imo ndani ya lenzi. Kwa kamera zisizo na kioo, kama R7, R10 na R50, lenzi za RF zinaingia moja kwa moja, na za EF zinahitaji adapta ya EF-EOS R, ambayo ni bomba tupu lisilo na lenzi ndani. Haipunguzi ubora wala mwanga. Kazi yake ni kurudisha umbali wa milimita 24 uliopotea kile kioo cha kuakisi kilipoondolewa.

Sony ni rahisi pia, lenzi za FE, za fulu-fremu za Sony, zinakaa kwenye a6000 na ndugu zake bila kitu katikati. Jambo la kuangalia ni kwamba a6000, a6100, a6300 na a6400 hazina kitulizo (kifaa cha kupunguza mtikisiko) ndani ya bodi. Lenzi ikiwa haina chake, mkono wako ndio kitulizo.

Nikon ndiyo yenye mitego. Bodi za D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600 hazina mota ya fokasi. Lenzi ya AF-S, yenye mota yake, itafanya kazi zote, lakini ya AF-D, isiyo na mota, itapima mwanga na kupiga picha huku fokasi ukizungusha kwa mkono. D7000 na zilizofuata katika safu yake, pamoja na D500, zina mota. Ukifunga AF-D kisha kamera ikaandika fEE na kugoma, haijaharibika. Zungusha ringi ya upenyo (tundu la kupitishia mwanga) iliyo kwenye lenzi mpaka namba ya mwisho, kwa kawaida f/16 au f/22, uifunge hapo kwa kile kitufe kidogo. Kwa Z30, Z50 na Zfc, adapta ya FTZ, ya kufungia lenzi za Nikon za kioo, hutoa fokasi ya otomatiki kwa AF-S na AF-P, si kwa AF-D. Kumbuka pia kwamba Nikon huzungushwa kinyume na Canon na Sony. Anayebadili kampuni na kulazimisha upande aliouzoea huumiza mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa.

Lenzi za zamani za mkono zikifungwa kwa adapta isiyopitisha umeme kati ya lenzi na kamera, kamera hudhani haina lenzi na hukataa kupiga. Ingia kwenye menyu, ruhusu shata kufyatuka bila lenzi. Bodi yenye kitulizo itakuuliza milimita: andika 50 kwa lenzi ya 50, usizidishe. Ukiandika 75, kitulizo kitasogeza kihisi kupita kiasi na picha haitatulia vizuri.

Uzito hauko unapoudhani

Mtu anauza Canon 5D Mark IV, gramu 890 pamoja na betri na kadi, ananunua R10 ya gramu 429, halafu anashangaa bega linauma vilevile. Weka kwenye mizani. Ile ya kwanza ikiwa na EF 24-70mm f/2.8L II ya gramu 805 inafika gramu 1695. Ya pili ikiwa na lenzi hiyohiyo na adapta ya gramu 110 inafika 1344. Umepunguza gramu 351, hata chupa ya maji ya nusu lita haijatimia, na sasa lenzi yako inaona kama 38-112, yaani umepoteza upana uliokuwa ukiutegemea. Tena uzito wote umehamia mbele, na kishikio ni kidogo.

R10, adapta na EF 50mm f/1.8 STM ya gramu 160, kwa jumla ni gramu 699. Huo ndio wepesi. Kamera ndogo hupunguza mzigo pale tu lenzi nazo zinapochaguliwa upya.

Kwa hiyo 24-70 ibaki nyumbani, au iuzwe. Ni lenzi nzuri iliyopoteza kazi yake: si pana tena, na urefu ilioongezewa ni kidogo. Nafasi yake ishike zumu ya kropu kama Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN, ambayo ni takriban gramu 300. Kwa vichochoro ongeza lenzi pana iliyotengenezwa kwa kropu: Canon EF-S 10-18mm ya gramu 240, Sony E 11mm f/1.8 ya gramu 181, au Nikon AF-P DX 10-20mm ya gramu 230, ingawa hiyo ya Nikon haifai kwa bodi za zamani kama D3100 na D7000, kwa sababu hazielewi mota ya AF-P. Kununua 16-35 ya fulu-fremu ili uifunge kwenye kropu ni kulipia kioo usichokitumia.

Rudi kwenye ule mlango. Kwa milimita 16 kwenye kihisi cha 23.5, kutoka mita 1.7, unapata kimo cha mita 2.5. Shika kamera sawasawa, usiiinue pua, la sivyo miimo ya mlango itaegemeana juu kama hema. Ni afadhali kuchukua sakafu zaidi ya unayoihitaji, uikate baadaye.

Baharini mambo yanageuka

Kile kipande cha katikati kilichokunyima mlango ndicho kitakachokupa tanga. Jahazi lililo umbali wa mita 150, kwa lenzi ya 200 kwenye fulu-fremu, limo ndani ya fremu ya mita 27. Kwenye kropu fremu hiyo ni mita 17.6, na chombo kinajaa bila kukata picha kompyutani. Hapa 70-200 ya zamani inastahili uzito wake, ila chagua ya f/4 badala ya f/2.8 ukiweza: EF 70-200mm f/4L IS II ni gramu 780, ya f/2.8L IS II inakaribia kilo moja na nusu. Mchana wa bahari mwanga si haba.

Shika lenzi, si kamera. Kiganja cha kushoto kiwe chini ya pipa la lenzi, kiwiko kibanwe ubavuni. Tripodi ifungwe kwenye ringi ya lenzi, na mkanda wa bega vilevile ukiwa na lenzi inayozidi kilo. Mdomo wa kamera ya gramu 400 haukuumbwa kuning'iniza mzigo huo huku ukiruka kutoka mashua hadi gatini.

Kanuni ya kale ya kasi ya shata, moja juu ya milimita za lenzi, nayo izidishwe: kwa 200, kasi ya chini kabisa ni 1/320, si 1/200. Ukiwa umesimama ndani ya mashua inayoyumba anza na 1/1000. Kitulizo kinatuliza mkono wako tu, hakitulizi chombo wala tanga. Upenyo f/5.6 hadi f/8, na usipite f/11 bila sababu, kwa kuwa pikseli ndogo huanza kuonyesha ulegevu wa upenyo mdogo mapema.

Pikseli hizo zina jambo jingine. Kihisi cha kropu cha megapikseli 24 kimesongamana sawa na fulu-fremu ya karibu megapikseli 55. Pembe mbovu za lenzi zimekatwa, ni kweli, lakini katikati panakaguliwa kwa ukali kuliko zamani. Lenzi ya enzi za filamu iliyoonekana safi kwenye bodi ya zamani huenda ikaonekana laini kwa f/2.8. Funga hadi f/4 au f/5.6 kabla ya kuilaumu. Usiilaumu pia kwa picha za saa saba mchana ukitazama ng'ambo ya mchanga wa Shela, kijiji jirani na Lamu: ule ni mvuke wa joto unaocheza hewani, na hakuna lenzi inayouondoa. Piga asubuhi, au sogea karibu.

Hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, isitoke. Lenzi ya fulu-fremu hurusha duara la mwanga kubwa kuliko kihisi, na ziada hugonga kuta za ndani ya kamera na kurudi kama ukungu. Juu ya maji na mchanga mweupe, weusi unageuka kijivu. Unaweza hata kutumia hudi ndefu kuliko ya asili. Ijaribu kwa kupiga ukuta mweupe kwa f/11. Pembe zikibaki safi, inafaa.

Usiku, mwanga mdogo

f/1.8 hubaki f/1.8 kwa upande wa mwanga, usibadilishe chochote kwenye kipimo. Kinachobadilika ni ukungu wa nyuma: 50 f/1.8 kwenye kropu huonekana kama 75 f/2.7 kwenye fulu-fremu. Chenga, zile punje za picha ya mwanga mdogo, nazo huongezeka kwa kiasi cha hatua moja (mwanga mara mbili) na zaidi, kwa hiyo ulikozoea ISO 6400, jiwekee mpaka wa 3200. Kwa nyuso za waimbaji usiku wa Maulidi, 50 hiyo kwa 1/125 inatosha. Na urefu wa lenzi si ruhusa ya kuiba sura ya mtu, hasa kina mama, omba kwanza.

Wenye kamera zisizo na kioo wana njia moja zaidi: adapta yenye lenzi ndani, inayobana picha kwa 0.71. Kropu ya 1.5 inarudi karibu 1.07, na unapata hatua moja ya mwanga. Inawezekana kwa lenzi za fulu-fremu tu, maana zina duara la kutosha kubanwa. Pembe hulegea, fokasi hupungua kasi. Kwa video ni nzuri, kwa mashindano ya mashua hapana.

Chumvi

Lenzi ghali huwa na raba ya kuzuia maji kwenye kitako, lakini bodi nyingi ndogo hazina kinga, kwa hiyo raba hiyo inalinda mlango wa nyumba isiyo na paa. Badilisha lenzi ndani, au kwenye daka kabla ya kushuka gatini, kamera ikiwa imezimwa na mdomo ukitazama chini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa, umande usikae kwenye kioo. Jioni futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, uukaushe, uhifadhi kwenye boksi linalofungika lenye silika jeli. Pulizia adapta pande zote mbili kabla ya kuifunga tena, kwani chembe moja ya mchanga kwenye ringi inatosha kuikwaruza na kuilegeza, na adapta iliyolegea huanza kukata mawasiliano ya fokasi kabla hujaona kwa jicho kwamba inacheza.