Jinsi ya kuchuja ndoto kabla hujaamsha ukoo mzima

Nianze na aibu yangu. Juzi hapa Pangani, Nairobi, nimeota natembea juu ya moto, soko lote la Gikomba linawaka, nikashtuka saa tisa usiku nikashika simu nimpigie shangazi mwenye kibanda cha mitumba huko, kumbe ni pawabenki imeingia chini ya blanketi inanichoma muundi.

Sasa hiyo kitu Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki, aliisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, eti mtu akilala vurugu za mchana zinatulia, kwa hivyo hata kajoto kadogo kanaonekana kakubwa, unaota unapita motoni, na kohozi likiteremka kooni unaota unalamba asali. Basi kwanza kabisa pekua kitanda na tumbo. Ulikula nini, una homa? Galen, yule daktari Mgiriki, mgonjwa akiota moto alishuku nyongo ya manjano imezidi.

Halafu toa masalio ya mchana. Umeangalia mechi hadi saa sita, ukiota mpira hapo hakuna ujumbe bana.

Ikibaki kitu, angalia saa. Ibn Sina, daktari na mwanafalsafa wa Kiislamu (aliyefariki 1037), alisema ndoto za karibu na alfajiri ndizo za kuaminika zaidi, mwili na mawazo vimeshatulia, lakini mwongo na mshairi aliwaweka kapu moja, ndoto zao nyingi si za kutegemea. Washairi mnisamehe.

Hapa ndio kuna utamu. Aristotle mwenyewe alikataa kwamba Mungu ndiye hutuma ndoto, akasema mbona hata wanyama wanaota, na mbona wanaotumiwa si wenye hekima peke yao ila yeyote tu. Lakini tafsiri ya Kiarabu iliyowafikia wanafalsafa wa Kiislamu ilikuwa imegeuzwa, inasema ndoto za kweli zinatoka kwa Mungu kupitia akili ya juu, ile iliyo kati yake na watu, kwa hivyo wao walidhani mzee yuko upande wao! Al-Farabi, mmoja wao (aliyefariki 950), naye akaeleza inavyofanya kazi: milango ya fahamu ikifungwa, ile nguvu ya kuunda picha inabaki huru, na kitu kikiishukia kutoka hiyo akili ya juu inakivisha picha. Kwa nabii nguvu hiyo ni kali hadi inapokea akiwa macho.

Shida ni kwamba hiyo nguvu haitulii, inaruka picha hadi picha. Ibn Sina anasema picha ikibaki vile ilikuja haihitaji kuaguliwa, ikibadilika ndio unarudi kinyumenyume. Kwa hivyo ukiamka, kabla ya WhatsApp, andika picha ya mwisho, jiulize ilitoka kwa ipi, na hiyo ilitoka kwa ipi, mpaka ufike ya kwanza. Hiyo ya kwanza ndio unaagua, zingine ni nguo tu.

Na hata ikipita chujio zote usikimbie kuuza ploti, hadithi ya Mtume Muhammad inasema ndoto njema ni sehemu moja kati ya 46 za unabii, moja tu. Ikiwa ni mbaya, tema kidogo kushoto mara tatu, ujikinge kwa Mungu, na usimsimulie mtu.

Mimi asubuhi nilimpigia shangazi kumsalimia tu. Hata sijamaliza shikamoo akauliza, "Haya sema, umeota nini tena?"