Kupanda ndege ndogo mara ya kwanza, Manda hadi Malindi

Uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu, uko Manda, ng'ambo ya mkondo. Safari ya angani basi huanza kwa mashua, na si vibaya: yale mawili yanayomshughulisha nahodha, mzigo na upepo, ndiyo yanayomshughulisha rubani pia. Toka nyumbani mapema, hasa maji yakiwa yamekupwa, maana kupanda na kushuka gatini huchukua muda.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wengi hugombana na watu wa mizani bure. Ndege ndogo tunayoizungumzia hapa, Cessna Caravan, ina injini moja, na uzito wake wa kuruka hauzidi tani 4: hapo umeshahesabu ndege yenyewe, mafuta, watu na mabegi. Ndiyo maana mzigo hupimwa, pengine na wewe mwenyewe. Uzito ukirundikana nyuma, mkia hulemea, pua huinuka, na ndege huwa ngumu kuongoza. Kwa hiyo ukihamishwa kiti na kutenganishwa na mwenzako, hamia bila kununa. Kiwango cha mzigo mara nyingi ni kilo 15. Funga begi laini linalobonyea. Sanduku gumu la magurudumu ndilo linaloleta shida, hata likiwa jepesi. Betri ya kuchajia simu ikae mkononi, isiingie kwenye begi la chini.

Ukiweza kuchagua, ruka asubuhi. Kufikia adhuhuri nchi kavu imepata moto, hewa inapanda, na ndege inarushwarushwa, hasa karibu na mawingu yaliyovimba kama pamba. Chai na mahamri mawili yatosha. Biriani isubiri Malindi. Tumbo tupu nalo huchafuka. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari, kama mfamasia atakavyokuelekeza. Ukishaanza kutapika umechelewa. Choo humo kwa kawaida hamna.

Walio na mafua mazito waahirishe, kwani masikio yatauma vibaya wakati wa kushuka. Aliyepiga mbizi kwa mtungi wa hewa angoje angalau saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 kama alizamia mara kadhaa. Ndani ya Caravan hewa hupungua kadiri inavyopanda, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu.

Ukiitwa, mfuate mhudumu hatua kwa hatua. Mlango wa abiria uko nyuma, upande wa kulia. Usikatize mbele ya pua hata kama propela imesimama. Ikizunguka kwa kasi haionekani. Kofia iwe mkononi, mtandio na buibui vishikwe visipeperuke.

Ukikaa, funga mkanda, kisha ufungue na kuufunga tena mara moja ili mikono iuzoee. Jahazi hutweka tanga liusubiri upepo wa nyuma. Ndege huukabili, kwa hiyo wakati wa kusi usishangae ikipaa kuelekea kusini. Upepo wa ubavuni nao huifanya ije uwanjani pua ikiwa upande. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Mkanda kwa dau anajua kwa nini: unaelekeza omo, yaani pua ya chombo, upande mkondo unakotoka ili ufike unakotaka.

Kelele ni nyingi, vizibo vya masikio vinafaa. Mlio wa mota kabla ya kutua ni vibawa vya nyuma ya bawa vinashushwa. Honi ikilia kidogo magurudumu yakikaribia kugusa, huo ni onyo kwamba mwendo umekuwa mdogo, na hapo ndivyo inavyotakiwa.

Kichwa kikizunguka, weka simu chini, elekeza tundu la hewa usoni, tazama mstari wa mbali ambapo bahari inakutana na mbingu. Masikio yakiziba, meza mate, au bana pua upulize taratibu, usilazimishe.

Njia ni kama kilomita 140, takriban nusu saa. Kushoto ni bahari, kulia delta ya Tana. Ukiona maji yamegeuka wekundu wa udongo, huo ni mlango wa mto Sabaki na Malindi i mbele yako: kaza mkanda, na mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe sasa, masikio yake yasizibe.